Sifa si Maelezo: Uhakiki wa Msamiati wa Waonjaji wa Divai

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii aghalabu hufundishwa kama onyo kwa mgema asijivune. Lakini yafaa ielekezwe pia kwa yule anayesifu, maana sifa zake, hata zikiwa za kweli, hazimwambii mgema tembo lake lina nini. Likiwa zuri, limekuwa zuri kwa sababu gani? Likiwa na kasoro, kasoro hiyo ni ipi? Hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoachana na kazi ya mshangiliaji.

Makala haya yanakusudia kuihakiki kazi moja ya msamiati iliyotungwa mbali na nchi zetu, nayo ni gurudumu la harufu za divai. Lilichapishwa mwaka 1984 na Ann C. Noble pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, kisha likarekebishwa mwaka 1987. Msomaji asiyekunywa divai, ama kwa imani yake ama kwa hiari yake, asidhani kwamba anaalikwa kwenye ulevi. Waonjaji wenyewe, wawapo kazini, huizungusha divai kinywani kisha wakaitema. Tunalolitazama hapa ni lugha, na lugha ndiyo kazi yetu.

Kwa muda mrefu divai ilielezwa kwa maneno ya heshima: hii ni ya kifalme, ile ina adabu, nyingine ni ya kike. Mwaka 1983 mwanaisimu wa Marekani, Adrienne Lehrer, alitoa kitabu kuhusu mazungumzo ya wanywaji wa divai. Aliwapa watu divai waieleze, kisha akawataka wenzao waitambue kwa maelezo hayo. Wanywaji wa kawaida hawakufaulu ipasavyo. Mazungumzo yalinoga, lakini maana haikufika. Kila mmoja alitumia neno lile lile kwa jambo lake mwenyewe.

Gurudumu la Noble ni jibu la tatizo hilo. Lina duara tatu, moja ndani ya nyingine. Duara ya ndani ina makundi 12, yakiwamo ya maua, matunda, viungo, mimea, njugu, mbao na udongo. Duara ya kati huyagawa makundi hayo, na duara ya nje hutaja kitu chenyewe: karafuu, pilipili manga, asali, balungi. Mwonjaji huanza na lililo pana na kuishia kwa lililo mahususi, kama mwalimu amwongozavyo mwanafunzi kutoka nomino ya jumla hadi jina la mti fulani.

Nguvu ya kazi hii imo katika kanuni zake mbili. Kanuni ya kwanza ni kwamba maneno ya hukumu hayana nafasi. Hutakuta humo neno "maridadi" wala neno "bora", kwa kuwa maneno hayo hutueleza hali ya msemaji kuliko hali ya divai. Kanuni ya pili ni kwamba neno lazima liwe na kielelezo. Mwalimu huchukua divai isiyo na harufu kali, akatia ndani yake kipande cha kitu kinachotajwa, akaifunika bilauri, kisha akawapa wanafunzi wanuse. Asiyejua maana ya neno hapewi fasili, bali hupewa bilauri.

Wako wanaodhani kwamba msamiati huu ni tashbihi tupu za watu wenye nafasi. La hasha. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu ya pilipili manga katika divai ya Shiraz inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, nayo ndiyo iliyomo katika pilipili manga yenyewe. Harufu ya pilipili hoho, ile kubwa isiyowasha, hupatikana katika divai ya Sauvignon blanc kwa sababu zabibu zake na pilipili hiyo zina kemikali za jamii moja. Vivyo hivyo, mapipa ya mwaloni yaliyochomwa ndani huipa divai eujenoli, ambayo ndiyo kiini cha harufu ya karafuu. Mwonjaji anapotaja karafuu, basi, huenda anakitaja kitu kilichomo kweli katika bilauri.

Hata hivyo, gurudumu hili lina upungufu wake. Kwanza, haliwezi kumkinga mwonjaji na macho yake. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux, Ufaransa. Divai nyeupe ilitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Pili, pua za watu hazilingani. Katika utafiti ule wa rotundoni, takriban mtu mmoja kati ya watano hakuinusa hata ilipokuwa nyingi. Hakuna kielelezo kitakachowapatanisha wawili hawa, na mwonjaji mwaminifu hana budi kulikumbuka jambo hilo.

Upungufu wa tatu unatuhusu sisi zaidi. Gurudumu hili limetoka katika jikoni la California. Lina asparaga ya kopo, na lina matunda madogo ya vichaka vya nchi za baridi. Mwanafunzi wa Ngozi au wa Mbale ambaye hajapata kuvinusa vitu hivyo ataweza kuyakariri majina yake, lakini atakuwa anasema asichokijua. Kwa hiyo mwenye kulitafsiri gurudumu hili neno kwa neno atakuwa ameichukua duara na kuiacha kanuni. Kanuni inadai kielelezo kinachonuswa, na vielelezo vyetu vimo sokoni kwetu: ukwaju, mdalasini, tende, sukari guru, ndizi iliyoiva kupita kiasi, udongo uliolowa kwa mvua ya kwanza.

Wala Kiswahili hakiendi katika kazi hii mikono mitupu. Lugha yetu hutenganisha kunuka na kunukia kwa kiambishi kimoja tu. Ina shombo kwa harufu ya samaki, kikwapa kwa ile ya mwili, na uvundo kwa kitu kilichooza. Kwa upande wa ulimi ina uchachu, uchungu, ukali na ugwadu. Gurudumu la Noble linashughulikia harufu peke yake. Hali ya divai nyekundu kuukwaruza ulimi limeiacha nje. Hali hiyo kila aliyekula bibo au ndizi mbichi huijua kwa jina lake: ukakasi. Neno hilo halihitaji kubuniwa na kamati yoyote.

Jambo hili si la anasa. Dodoma, nchini Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na divai hutengenezwa huko huko. Huko Rwanda, ambako mwaka 2008 yalifanyika mashindano ya kwanza ya Cup of Excellence katika Afrika, kahawa huonjwa, hupewa alama na huelezwa kwa msamiati wa namna hii hii, na maelezo hayo huingia katika bei. Mkulima ambaye hana maneno ya kuieleza kahawa yake humwachia mnunuzi aieleze kwa niaba yake. Anayetaja ubora wa mali ndiye anayeanza kutaja thamani yake.

Na darasani je? Tumezoea kusoma katika karatasi za mitihani kwamba shairi fulani lina lugha tamu na ya kuvutia. Hiyo ni divai ya kifalme! Mwanafunzi amesifu, lakini hajaeleza. Tumdai kielelezo: ni mshororo upi, ni neno lipi, ni mizani ipi iliyoleta utamu huo? Kabla ya hapo tumzoeze kwa vitu vyepesi. Vikombe vitano vilivyofunikwa juu ya meza, kila kimoja na kiungo chake, vyatosha kwa kipindi kimoja. Wanafunzi wanuse, waandike, kisha walinganishe maneno yao. Neno "tamu" na neno "nzuri" yapigwe marufuku mpaka kengele ilie. Atakayetoka hapo akiwa na neno moja sahihi, alilolipata kwa pua yake mwenyewe, atakuwa ameanza uhakiki.