Fela Sowande na Kinanda cha Kanisa

Kwaya ya huku kwetu, iwe ya Fizi, ya Baraka au ya vijiji vya rasi ya Ubwari, ikipata kinanda cha umeme hufurahi sana, wala si ajabu. Walakini yafaa tuulize: kitapiga nini? Maana mpigaji akibonyeza tu zile ngoma zilizotiwa tayari kiwandani, Utukufu na Mwana-Kondoo huenda mwendo mmoja, kama askari njiani. Ndiyo sababu napenda kuwapasha wasomaji habari za kazi ya Mwafrika aliyekuwa fundi kweli wa kinanda, Fela Sowande wa Nijeria.

Alizaliwa Abeokuta mwaka 1905, mtoto wa padri wa Kianglikana. Huko Lagos alifundishwa na Ekundayo Phillips, mpiga kinanda wa kanisa kuu. Katika miaka ya 1930 akaenda London. Kwanza alipata riziki kwa kupiga kinanda cha umeme cha Hammond mahali pa starehe. Kisha, tangu mwaka 1945, akapiga kinanda cha mabomba katika ibada za Kingsway Hall. (Nayasema haya kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mikono iliyowahi kupiga dansi haifai tena kanisani.) Alifariki Marekani mwaka 1987.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Kiyoruba, kama lugha nyingi za Kibantu, kina sauti za kupanda na kushuka. Ukiipandisha silabi ambayo yapasa ishuke, umesema neno jingine. Basi tenzi za Ulaya zilipotiwa maneno ya Kiyoruba, tuni iliyavunja maneno, na watu wakaimba wasichokusudia. Katika miaka ya 1950 Sowande alishika njia nyingine. Alichukua tuni za Wayoruba wenyewe, zilizokwisha kulitii neno, akazifanya mbegu ya muziki wa kinanda. Ndivyo alivyotunga Obangiji, Yoruba Lament, yaani maombolezo, na Oyigiyigi, ambayo tuni yake hurudi mara nyingi ikibadilishwa vazi.

Je, alifaulu? Nusu, kwa maoni yangu. Tuni ni ya nyumbani, lakini sauti anazozipanga chini yake ni za Ulaya, tena nzito, na mara nyingine zinaifunika tuni kama majani yanavyofunika mhogo. Tena muziki huu wataka mpigaji aliyesoma miaka mingi, mwenye mikono na miguu pia. Taifa la Mungu litausikiliza tu, halitauimba.

Tuuweke kando ya Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza Kamina tarehe 23 Machi 1958, chini ya Padri Guido Haazen, Mfransisko. Humo kinanda hakimo kabisa. Kyrie imejengwa juu ya kasala, maombolezo ya Waluba, na sauti nyingine waimbaji walizitia wenyewe, bila kuandikiwa. Hiyo ina uhai ambao Sowande haufikii. Lakini je, kinanda kitupwe nje? Sithubutu kusema hivyo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulikipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, ukaruhusu vyombo vingine pia vinavyofaa ibada, kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa. Na kile cha umeme ndicho kitakachotufikia sisi. Mabomba ni ghali mno.

Basi mpigaji wa Baraka asitafute vidole vya Sowande. Atafute mwanzo wake. Azime ngoma za kiwandani, ampe nafasi mpiga ngoma mwenye nyama na damu. Kisha amwendee mama mzee wa Ubwari anayejua maombolezo ya zamani, amwombe aimbe polepole, naye aitafute ile tuni kwa kidole kimoja. Zile sauti za chini zitangoja mpaka juma lijalo.