Pilipili Ndani ya Faneli: Mwanga na Picha za Vitu Vidogo

Safari hii tunaweka kando riwaya na mashairi, tuzungumzie picha. Si picha za arusi wala za viongozi, bali za vitu vidogo vya asili: kombe la pwani, mbegu, jani, tunda. Picha za namna hii zimejaa kila mahali, kwani kamera na simu za leo hukisogelea kitu hadi miguu ya chungu ikahesabika. Swali letu ni moja: mwanga uliotumika umetuonyesha kitu, au umetuonyesha taa?

Tuanze na picha ambayo wapenzi wa sanaa hii huitaja daima. Agosti 1930, huko Carmel, California, Mmarekani Edward Weston alikuwa akipiga picha za pilipili hoho, ambayo wengine wetu huiita pilipili boga. Katika siku chache alitumia filamu zisizopungua 30. Mwanzo aliziweka pilipili mbele ya kitambaa, kisha kadibodi nyeupe, asiridhike. Halafu akachukua faneli kubwa ya bati, akailaza ubavu, akaweka pilipili mdomoni mwake. Ndipo ikapatikana ile iitwayo Pilipili Na. 30.

Kwa nini faneli? Hapa uhandisi unatusaidia kidogo. Ukali wa kivuli hautokani na nguvu ya taa. Unatokana na upana wa chanzo cha mwanga ukilinganishwa na umbali wake. Jua ni kubwa mno lakini liko mbali sana, ndiyo maana kivuli cha mchana hukata kama wembe. Dirisha la mita 1 lililo umbali wa mita 1 hutoa kivuli laini, chenye kufifia polepole ukingoni. Faneli ikaongeza jambo la pili. Mwanga uliotoka juu uligonga bati la mviringo, ukarudi na kuyagusa mapindo ya pilipili ambayo yangezama gizani. Nako nyuma, faneli inakozidi kuwa nyembamba, pakabaki weusi wa taratibu. Chombo cha kumiminia mafuta kilifanya kazi ya taa tatu!

Matokeo yake ni makubwa. Pilipili imekuwa mgongo wa mtu, mabega, watu wawili waliokumbatiana. Wahakiki wengi huisifu kwa sababu hiyo hasa, nasi hatubishi kwamba ni picha adhimu. Lakini sifa hiyo ina gharama yake. Mtazamaji huuona mwili wa binadamu kwanza, na pilipili yenyewe huikumbuka mwisho.

Sasa tumtazame Karl Blossfeldt (1865–1932), mwalimu wa sanaa mjini Berlin, ambaye kitabu chake cha picha za mimea kilitoka mwaka 1928. Yeye alitumia kamera aliyoijenga mwenyewe, akikuza machipukizi na vikonyo hata mara 30. Mwanga wake ni wa mchana, mtulivu, usio na vivuli vikali, na nyuma ya mmea hakuna kitu. Naye hakuacha mambo yaende yenyewe, kwani alikata majani yaliyomzuia na kusahihisha picha kwa mkono. Hata hivyo, ukilitazama chipukizi lake lililojikunja kama bakora ya mzee, husahau kabisa kuwa kulikuwa na mpiga picha. Unabaki na mmea. Alikusudia wanafunzi wake wajifunze maumbo, basi mwanga ukafanya kazi ya mwalimu mzuri: kueleza bila kujisifu.

Kwa nini jambo hili litugusu sisi tulio ughaibuni? Kwa sababu wengi wetu tuna vitu vidogo vya nyumbani ndani ya makabati: kombe, mbegu, karafuu. Watoto waliozaliwa huku huenda wakaijua karafuu kwa picha kabla ya kuiona mtini. Leo ni rahisi kuimulika kwa taa ya buluu upande huu na nyekundu upande ule, ikang'aa kama chombo cha angani. Wageni watastaajabu. Lakini mtoto hataona kuwa ni tumba la ua lililochumwa kabla ya kuchanua, lenye meno manne yaliyokizunguka kichwa cha mviringo, na ngozi iliyokunjamana kwa jua la mkekani.

Kuyaonyesha hayo hakuhitaji fedha. Iweke karafuu karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga uje kwa ubavu ili mikunjo ionekane. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe, uisogeze na kuiondoa polepole huku ukitazama kivuli kinavyobadilika. Anga ya mawingu ya London, tunayoilalamikia kila siku, ni taa bora kwa kazi hii.

Hatusemi rangi na taa za ajabu ni haramu. Weston mwenyewe alibuni, na bati lake lingali linatufundisha. Ila kipimo chetu ni hiki: tukiondoka mbele ya picha tukiwa tunaijua karafuu kuliko tulivyokuja, mwanga umefanya kazi. Tukiondoka tukiulizana ni taa gani ilitumika, basi karafuu imepotea. Wenye maoni tofauti, ukurasa huu ni wenu.