Safari za Mwezini na Tungo Zisizorudi

Aghalabu mshairi wa Kiswahili akiutaja mwezi huutaja kwa uso wa mpenzi: badri, mwezi wa kumi na nne. Hilo silaumu. Walakini tangu Neil Armstrong na Buzz Aldrin waukanyage tarehe 20 Julai 1969, tungo zinazokusudia kuisimulia safari yenyewe zina ila moja, nami naiona hata katika zangu: hupanda, hazishuki. Roketi hunguruma ubeti wa kwanza, vumbi hukanyagwa ubeti wa saba, kisha mtunzi hupiga kaditama. Michael Collins, aliyebaki peke yake akiuzunguka mwezi ili wenzake wapate cha kurudia, hapewi hata mshororo.

Kumbe utamu uko kwenye marejeo. Chombo kitokacho mwezini huifikia hewa ya dunia kwa kasi ya kilomita 11 hivi kwa sekunde, na breki yake kubwa ni hewa hiyo hiyo. Kikiingia kwa kuinama mno, huungua. Kikiingia kwa kulala mno, huruka kama jiwe bapa juu ya maji na kurudi angani. Nahodha anayeutafuta mlango baina ya miamba ataelewa upesi. Ngao ya Apollo iliundwa iungue na kumeguka kidogo kidogo, iondoke na moto. Kwa dakika chache redio hunyamaza, asijue mtu walio ndani wamekuwaje. Ndipo miavuli mitatu hufunguka na chombo kikaangukia Pasifiki. Moto, kimya, na watu wanaongoja: mtunzi anataka nini zaidi? Na maneno tunayo. Kiswahili kimekiita “chombo”, jina lile lile la jahazi, lakini wenzangu hukimbilia “kapsuli” na kuacha kushusha tanga na kutia nanga vikiota kutu.

Kwa rai yangu, Apollo 13 ya Aprili 1970 ndiyo inayostahili utenzi kuliko zote. Tangi la oksijeni lilipasuka njiani, na watu watatu wakakifanya chombo cha kutulia mwezini kuwa mashua ya kuokolea. Hawakutua; walirudi tu, tarehe 17.

Wasomaji wa Unguja wana sababu ya pekee ya kulipenda jambo hili. Kabla ya safari za mwezini, Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu cha kuvisikiliza vyombo vya Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 alipita John Glenn, aliyerejea duniani huku wa chini wakihofu kwamba ngao yake imelegea. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kisiwa kilichotega sikio hivyo hakijapata tungo yake.

Naandika haya Butimba, ziwa likiwa karibu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama asubuhi ikija Mwanza, safari imekaribia kwisha, na mamia wakafa. Anayeishi huku hawezi kuamini ubeti unaodhani kufika uendako ndiko kumaliza.

Tungo yangu ya beti kumi na mbili nimeifumua. Ubeti wa vumbi sasa ni wa nne. Wa kumi, ule wa redio kunyamaza, bado haujapata kina cha kati.