Bana Pumzi, Tuone Ubongo Una Akiba Gani

Picha inaweza kuonyesha kwamba mshipa mkubwa wa shingoni umeziba kwa asilimia 70, na bado daktari asijue ubongo wa upande ule una hali gani. Wapo wanaoishi hivyo miaka bila dalili yoyote: damu hupitia njia za pembeni, na mishipa midogo ya ubongo hujitanua kufidia. Cha kupima ni kama mishipa hiyo midogo ingali na nafasi ya kutanuka zaidi, au imeshafika mwisho.

Kifaa cha kupima hilo kilielezwa na Rune Aaslid na wenzake mwaka 1982. Mawimbi ya ultrasaundi ya kawaida hukwama kwenye fuvu, kwa hiyo walishusha masafa hadi megahezi 2, wakayapitisha kwenye panja, palipo na mfupa mwembamba. Yakifika kwenye ateri ya kati ya ubongo, kina cha sentimita 5 hivi, hugonga chembe za damu zinazokimbia na kurudi yamebadilika masafa. Badiliko hilo ndilo linalotoa kasi ya damu.

Kisha mgonjwa huambiwa abane pumzi sekunde 30. Kabonidayoksaidi hupanda ndani ya damu, na mishipa midogo yenye uzima hutanuka mara moja. Ongezeko la kasi kwa asilimia hugawanywa kwa sekunde alizobana. Tuseme upande mzima kasi imetoka sentimita 50 kwa sekunde hadi 68: asilimia 36, jibu 1.2. Upande wa mshipa mbovu imetoka 45 hadi 51: asilimia 13, jibu 0.44. Kabla ya kubana pumzi, pande hizo mbili zilikuwa karibu sawa!

Mwaka 2000, Mauro Silvestrini na wenzake wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 94 wasio na dalili, wenye mshipa ulioziba kwa asilimia 70 au zaidi. Mpaka ulikuwa 0.69. Waliokuwa na mwitikio mzuri, asilimia 4.1 kwa mwaka walipata kiharusi au shambulio la muda la upande ule. Waliokuwa chini ya mpaka, asilimia 13.9.

Hata hivyo, kasi si wingi wa damu. Hesabu yote inachukulia kwamba upana wa ateri yenyewe haubadiliki. Mgonjwa akikaza tumbo wakati amebana pumzi, namba huharibika. Tena mfupa wa panja ukiwa mnene, hasa kwa wanawake wazee na kwa watu weusi, huenda ishara isipatikane kabisa. Kwetu hilo si dogo.

Na kujua hatari si kuiondoa. Utafiti wa COSS wa mwaka 2011 uliwachagua, kwa skani ya PET, watu ambao mshipa wa shingoni umeziba kabisa na ubongo umeishiwa akiba, kisha baadhi wakaunganishiwa njia mpya ya damu kwa upasuaji. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa walipata madhara kwa asilimia 21.0, wasiopasuliwa 22.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.