Kutangaza Nia ni Majigambo: Kuusoma Upya Mchakato wa Urais wa 2015 kutoka Kyerwa

Julai 2025 ilitimia miaka 10 tangu CCM ilipomteua John Magufuli kule Dodoma. Wakati huo nilikuwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, kwa mjomba wangu. Katika kumsaidia kupanga makaratasi yake ya zamani tukakutana na daftari la mahesabu ya kahawa, na kwenye ukurasa wa mwisho ameandika namba ya kadi yake ya chama, tarehe ya Juni 2015, na jina la mtu aliyemdhamini awe mgombea urais. Jina lenyewe nalihifadhi. Nilimuuliza kama alimsikiliza huyo mtu kabla ya kumtilia saini. Akacheka. “Mwipwa, nani alikuja kuongea na sisi hapa? Ililetwa karatasi.”

Jibu hilo limenirudisha kwenye kitu nilichotaka kukiandika siku nyingi. Zile hotuba za kutangaza nia za 2015 nilizifuatilia zote nilizoweza, redioni na magazetini. Waandishi wa siasa walizichambua kwa hesabu za makundi: nani yuko na nani, nani ana fedha, nani atakatwa. Mimi nataka nizisome kama utungo, maana ndivyo zilivyo. Na utungo wenyewe ni wa zamani sana: ni majigambo.

Waliosoma fasihi simulizi wanayajua majigambo, au vivugo. Huku kwetu Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya yake mwaka 2012, wazee waliyaita ebyebugo. Mtu alisimama mbele ya Mukama na mbele ya wenzake, mkuki mkononi, akajisifu kwa kinywa chake. Alitaja alichofanya na mahali alipokifanya. Kwa mtu wa nje ingeonekana ni majivuno tu, lakini utanzu huu una sheria yake, na sheria hiyo ndiyo kipimo changu leo. Waliomzunguka msemaji walikuwepo vitani. Ukisema uliua adui mahali fulani wakati ulikimbia, aliyekuona ukikimbia amekaa hatua tatu kutoka ulipo. Kwa hiyo kivugo kinataka vitu vitatu: tendo, mahali, na shahidi anayeweza kukukanusha. Kikikosa shahidi kinabaki kelele.

Sasa tuwachukue watangaza nia wetu. Waliochukua fomu ndani ya CCM walikuwa 42, waliorudisha 38. Fomu moja ilikuwa shilingi milioni moja, na kila mmoja alitakiwa kuleta wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati yake ya Zanzibar. Siwezi kuwapitia wote. Wengine, nisiwafiche, hata walipotangaza sikuelewa wanatangaza nini.

Edward Lowassa ndiye aliyekuwa na jukwaa kubwa kuliko wote. Mei 30 alijaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid pale Arusha, na utungo wake ukaitwa Safari ya Matumaini. Kama jina, nalisifu hadi leo. Safari ni neno ambalo kila Mtanzania anajiona ndani yake. Na tendo alikuwa nalo: shule za sekondari za kata zilisambaa akiwa Waziri Mkuu, na watoto wetu wamesoma humo, upungufu wake wote tunaujua. Tatizo ni kwamba safari yake iliruka kituo. Februari 2008 alijiuzulu kwa sababu ya Richmond, na sura hiyo haikupata nafasi yake kwenye utungo. Msikilizaji anayekumbuka alibaki anasubiri. Shujaa anayeruka vita moja katika majigambo yake huwafanya watu waifikirie vita hiyohiyo.

Bernard Membe alitangaza kwao Lindi. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 8, na hapo ndipo palipomkwaza kama mtunzi. Matendo ya diplomasia hufanyika vyumbani. Mtu wa Murongo anaweza kuuona mpaka wa Uganda kila siku asiwe na njia ya kujua waziri amefanya nini juu yake. Kivugo cha Membe kilikuwa na mashahidi, ila wote walikuwa ughaibuni.

January Makamba alifanya kitu ambacho sisi wapenda vitabu tulipaswa kukishangilia zaidi: alitoka na kitabu, maswali na majibu 40, kuhusu Tanzania Mpya aliyoitaka. Maneno ya jukwaani yanapeperuka, ya kitabuni unaweza kuyapigia mstari ukamrudishia mwenyewe baada ya miaka 5. Kwa hilo nampa heshima. Lakini kitabu kilisimama zaidi upande wa kesho. Majigambo huruhusu ahadi pale tu jana inapoibeba, na jana ya kijana ilikuwa fupi.

Halafu kuna Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Mmoja alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwingine Balozi wa Umoja wa Afrika nchini Marekani. Walifika tatu bora, wakapata kura 59 na 253. Jaribu kumuuliza mtu Kayanga au Omurushaka leo walisema nini. Sidhani ni kwa sababu hawakuwa na la kusema. Majigambo kwa desturi ni sanaa ya wanaume, na masikio yetu yamefundwa na utanzu wenyewe. Mwanamke akitaja matendo yake kwa nafsi ya kwanza tunasema anajisikia. Mwanamume akifanya hivyohivyo tunasema ana uwezo. Hapo kosa ni la wasikilizaji, na mimi nimo.

Nimebakiza mmoja. John Magufuli alichukua fomu bila mkutano mkubwa wa kutangaza nia, bila jina la safari. Wakati ule niliwaambia rafiki zangu kwamba huyu ndiye mtunzi halisi wa kivugo kati ya wote 38. Sababu yangu ilikuwa rahisi. Akiwa Waziri wa Ujenzi alikuwa anataja barabara kichwani, kilomita na madaraja, kama wazee walivyotaja vita: tendo na mahali. Na shahidi nilikuwa mimi mwenyewe. Barabara ya Kyaka hadi Bugene, kilomita kama 59, tuliipita miaka yote kwa vumbi na tope, na tukaiona lami ikija. Zaidi ya hapo tulimwona mtoto wa nyumbani. Chato ilikuwa ndani ya Kagera mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa 2012, na ubunge wake aliuanzia Biharamulo Mashariki mwaka 1995. Tuliona ukimya wake tukauita unyenyekevu.

Sasa nakubali: nilisoma vibaya. Kosa la kwanza ni la kisarufi kabisa. Kilomita 59 za lami zina kodi za watu, wahandisi, vibarua na bajeti ya Bunge ndani yake. Mimi nikaruhusu vyote vimezwe na “mimi” ya mtu mmoja. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kimya cha mtu kina nafasi nyingi wazi, na msomaji mwenye hamu huzijaza mwenyewe. Nilikuwa namsoma Magufuli huku najisoma mimi.

Alipokuwa Rais alifanya mambo yanayohesabika, na elimu bila ada mpaka kidato cha nne sitaibeza, maana najua nyumba hapa zilizopumua kwa sababu yake. Lakini mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalikatwa na mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa. Kwa lugha ya utanzu wetu, shahidi alitolewa uwanjani msemaji akiendelea kujisifu. Septemba 10 mwaka huohuo tetemeko likaipiga Kagera. Alipokuja Bukoba mwanzoni mwa 2017 alituambia wazi kwamba serikali haitawajengea watu nyumba zao. Inawezekana kihesabu alikuwa sahihi. Ila yule mtoto wa nyumbani tuliyemtunga wenyewe vichwani mwetu alianguka siku hiyo, na hatukuwa na ukurasa wowote wa kumwonyesha kwamba aliwahi kutuahidi vingine. Hakuahidi. Alikaa kimya, sisi tukaongea badala yake.

Turudi Dodoma. Utungo unahitaji hadhira, na swali langu la mwisho kama mhakiki ni hili: hadhira ya hotuba zote zile ilikuwa nani? Tulidhani ni sisi. Kamati Kuu ikapunguza 38 hadi 5 ndani ya kikao. Lowassa hakuwamo. Wajumbe watatu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka wakasema hadharani kwamba hawakubaliani. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba mbele ya mwenyekiti wao kwamba wana imani na aliyekatwa. Hiyo ilikuwa sauti pekee ya hadhira kusikika katika mchakato mzima, na haikubadilisha kitu. Ilipofika kwa Mkutano Mkuu, Magufuli alipata kura 2,104, zaidi ya asilimia 87. Linganisha na 1995, ambako duru ya pili Benjamin Mkapa alimshinda Jakaya Kikwete kwa 686 dhidi ya 639. Hata ukisema kivuli cha Mwalimu Nyerere kilikuwa ukumbini, na kilikuwepo, zile ni namba za watu waliosikiliza na kugawanyika. Za 2015 zinaonekana kama za watu walioletewa utungo uliokwisha kusomwa chumba kingine.

Na angalia kilichofuata. Samia Suluhu Hassan, Rais wetu tangu Machi 2021, hakuwemo kati ya wale 38 kabisa. Aliingia kama mgombea mwenza siku ya uteuzi. Maana yake ni kwamba marais wawili tuliowapata baada ya ule msimu wa maneno mengi ni mmoja aliyetangaza kwa sauti ya chini kabisa na mwingine ambaye hakutangaza. Januari 2025 Mkutano Mkuu ukampitisha Rais Samia kuwa mgombea pekee kabla fomu ya mtu yeyote haijatolewa. Wapo waliofurahi kwamba tumeepushwa na kelele na fedha za 2015. Nawaelewa. Mimi sikuzipenda kelele zile, na nusu ya ukurasa huu nimezilalamikia. Lakini dawa ya majigambo mabaya ni kumpa msikilizaji haki ya kukanusha. Ukifuta uwanja wote, na yule mwenye kivugo cha kweli naye hatumsikii.

Nilimsomea mjomba sehemu ya haya kabla sijayaweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nakumbuka butura. Nani wa huku asiyeikumbuka? Ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya chini, kwa sababu mnunuzi amekukuta na shida. Mavuno yakifika si yako tena, unayaangalia yakichukuliwa na huna neno.

“Ile saini yangu,” akasema, “ilikuwa butura.”

Nikamuuliza kama angesaini tena. Fomu za ubunge na udiwani zilikuwa zimechukuliwa siku chache kabla, na watu walikuwa wameanza kupita. Alinyamaza kidogo, akasema angesaini, ila safari hii karatasi isije peke yake. Mwenye jina aje nayo, asimame pale chini ya mgomba aseme amefanya nini na wapi, na jirani aruhusiwe kumwambia: hapo unadanganya.

Mzee hajasoma nadharia yoyote ya fasihi, lakini sheria ya kivugo ameitaja yote.