Kiwewe cha Kizuizini na Suala la Msikilizaji katika A Grain of Wheat

A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyochapishwa mwaka 1967, imezoeleka kusomwa kama riwaya ya usaliti na ya uhuru uliowavunja moyo waliopigania ardhi yao. Usomaji huo una mashiko, lakini una pengo: huwageuza Mugo na Gikonyo kuwa ishara za taifa kabla ya kuwatazama kama watu walioumizwa. Ukimya wa Mugo huelezwa kuwa ni hatia tu. Uchungu wa Gikonyo huelezwa kuwa ni wivu tu. Makala haya yanadai kwamba utafiti kuhusu maradhi ya kiwewe unaweza kuliziba pengo hilo, na kwamba riwaya nayo ina la kuufunza utafiti huo.

Maradhi haya yalipewa jina rasmi mwaka 1980, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipoyaingiza katika orodha yake, baada ya juhudi kubwa za askari waliotoka vita vya Vietnam na madaktari waliowatetea. Hali yenyewe ilikuwa imeonekana zamani. Mwaka 1915 Charles Myers aliandika juu ya askari wa Uingereza waliopotewa na fahamu na kumbukumbu katika Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1917 W. H. R. Rivers aliwatibu maafisa huko Scotland kwa kuwashauri wasiyakandamize waliyoyaona. Dalili kuu zinafahamika: tukio humrudia mtu bila kuitwa, huepuka chochote kinachomkumbusha, hisia zake hufa ganzi na hujitenga na wenzake, mwili wake hukesha kana kwamba hatari ingalipo.

Dalili hizi zimo katika riwaya iliyotangulia jina hilo kwa miaka 13. Gikonyo, aliyekaa vizuizini miaka sita, anakikiri kiapo kwa sababu ya hamu ya kumwona mkewe Mumbi. Tangu hapo anasikia mwangwi wa nyayo juu ya saruji, na mwangwi huo hauishii kambini Yala bali unamfuata hadi Thabai. Anapomkuta Mumbi na mtoto wa Karanja, anajitosa katika kazi na biashara, na kumnyima mkewe mazungumzo. Mhakiki anayekomea kwenye wivu hatambui kwamba bidii hiyo nayo ni njia ya kukimbia kumbukumbu.

Muundo wa riwaya unaithibitisha hoja hii. Wakati wa usimulizi ni siku chache tu zinazoelekea tarehe 12 Desemba 1963, lakini masimulizi hukatizwa mara kwa mara na yaliyopita. Mbinu rejeshi hapa si pambo la fani. Ndiyo sura ya akili ambayo kwayo jana haijawa jana.

Chanzo cha majeraha hayo hakikubuniwa hewani. Vifo vya watu 11 katika kambi ya Rira vinamkumbusha msomaji mauaji ya Hola ya tarehe 3 Machi 1959, ambapo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Mwaka 2006 Atwoli, Kathuku na Ndetei walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu walionusurika kambi za Mau Mau: takriban theluthi mbili ya waliochunguzwa walikuwa na maradhi haya, zaidi ya miaka 40 baada ya kambi kufungwa.

Kuhusu matibabu, Judith Herman alitaja mwaka 1992 hatua tatu: usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kurejea katika uhusiano na watu. Mwaka 2004 Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya tiba waliyoijaribu kwa wakimbizi wa Sudan nchini Uganda, ambapo mgonjwa husimulia maisha yake kwa mfuatano huku tabibu akiyaandika. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya waliosimulia hivyo ndio waliokuwa bado na maradhi, ilhali waliopewa ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 79.

Je, kusema peke yake kunaponya? Ngũgĩ anajibu kwa tahadhari. Gikonyo anamfunulia Mugo moyo wake, lakini Mugo hana neno la kumpa, na Gikonyo anaondoka akiwa na aibu mpya ya kujivua nguo mbele ya mtu anayemdhania msafi. Mugo naye anapokiri hadharani kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika, anapata utulivu, lakini pia hukumu. Ikumbukwe kwamba usaliti huo ulitangulia kizuizi chake. Kwa hiyo kiwewe kinaeleza ukimya wake bila kumfutia kosa. Ni hospitalini tu, baada ya kuvunjika mkono, ambapo Gikonyo anaomba mazungumzo na Mumbi, naye Mumbi anakataa yamalizwe kwa sentensi moja. Mponyaji wa kweli katika riwaya hii ni msikilizaji mwenye haki ya kujibu.

Derek Summerfield alionya mwaka 1999 kwamba kuwapa watu wa vita jina la wagonjwa kunaweza kuficha siasa iliyowaumiza. Onyo hilo ni la haki, na riwaya inalikubali: kambi ilijengwa na dola, si na akili ya Gikonyo. Lakini kuwanyima wahusika jeraha la nafsi ili wabaki alama za historia ni kuwanyamazisha mara ya pili. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa walionusurika 5,228, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Malipo hayo yalikuja kwa sababu wazee walisimama mahakamani na kusimulia yaliyowapata, zaidi ya nusu karne baada ya kuumizwa. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kufa wakingoja wa kuwasikiliza.