Betri ya Bodaboda: Jinsi ya Kuitambua Iliyo Nzuri, na Fundi Anayeijua

Hakuna kifaa kinachosingiziwa kwenye pikipiki kama betri. Taa zikififia, lawama ni ya betri. Stata ikigoma asubuhi, dereva anakwenda moja kwa moja duka la spea kununua nyingine, na miezi michache baadaye anarudi pale pale kwa shida ile ile. Iguguno, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, bodaboda wanawapokea abiria wa mabasi na kuwapeleka Nduguti, Gumanga na vijiji vingine vya Wilaya ya Mkalama. Huko betri inapambana na vumbi kiangazi, matope masika, na safari fupi fupi zisizoipa nafasi ya kujaa. Ikifa njiani, hesabu ya bosi haingoji.

Mvua za Singida zinaanza mwishoni mwa mwaka na kukatika karibu na mwezi wa nne. Baada ya hapo alizeti zinavunwa, mizigo inaongezeka na pikipiki inafanya kazi kutwa. Wakati wa kuikagua betri ni kabla ya mavuno, siyo katikati yake. Haya ndiyo ya kuangalia, kuanzia dukani hadi kwenye benchi la fundi.

Dukani: soma kabla ya kulipa

Anza na maandishi. Betri ya maji iliyoandikwa 12N5-3B ni ya volti 12 na uwezo wa ampea-saa 5. Kwa betri kavu, usiiamini namba ya katikati: YTX5L-BS haina ampea-saa 5, ina 4. Linganisha na betri iliyotoka kiwandani na pikipiki yako, na utazame upande wa kichwa cha chanya. Kikiwa upande usio wake, fundi mwenye haraka atavuta waya au atageuza nyaya, na nyaya zikigeuzwa rektifaya inaweza kuungua hapo hapo.

Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokwisha kutiwa asidi inajimaliza chaji yenyewe ikiwa rafuni tu, na joto linaiharakisha. Iliyokaa mwaka mzima chini ya bati lenye jua ni mpya kwa sura tu. Betri ya maji inayouzwa kavu, asidi ikiwa kwenye chupa yake, inavumilia muda mrefu zaidi, mradi vizibo vyake havijafunguliwa.

Kisha inyanyue. Uwezo wa betri unatokana na sahani za risasi zilizo ndani, na risasi ni nzito. Kati ya mbili za namba moja, zote bila asidi au zote zimejazwa, iliyo nyepesi waziwazi ina sahani nyembamba, na jina zuri ubavuni haliongezi risasi. Kagua pia viungo vya kasha: plastiki iwe imeungana sawasawa, bila gundi iliyomwagika wala dalili ya kufunguliwa na kubandikwa upya.

Chaji ya kwanza ndiyo mtihani wa fundi

Hapa ndipo betri nyingi zinapouawa kabla hazijafika barabarani. Fundi anamimina asidi, anafunga vizibo, anapachika, stata inazunguka, mteja anaondoka akifurahi. Betri hiyo haikujaa, na isipojazwa tangu mwanzo haitaufikia uwezo wake kamili maisha yake yote.

Kwa betri ya maji, kazi safi inakwenda hivi. Fundi anaondoa kwanza kizibo cha mpira kwenye kitundu cha kupumulia, kwa sababu kikisahauliwa gesi inakosa pa kutokea na kasha linaweza kupasuka. Anajaza asidi vyumba vyote sita hadi mstari wa juu, anaiacha nusu saa au zaidi sahani zinywe, na kiwango kikishuka anaongeza. Ndipo anaichaji taratibu kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya ampea-saa 5 inataka nusu ampea, kwa saa kadhaa. Chaja kubwa ya betri za lori itaichemsha. Kasha likiwa la moto kiasi kwamba huwezi kuacha kiganja juu yake, chaji hiyo ikatwe.

Pasipo na umeme, paneli ya sola ya wati 10 kwenye jua kali la Singida inatoa karibu nusu ampea hiyo hiyo. Ila ipitie kwenye kidhibiti chaji, maana paneli tupu inaweza kuzidi volti 18 na kuendelea kusukuma hata betri ikishajaa. Kuchaji kufanyike penye hewa, mbali na sigara na cheche, kwani gesi inayotoka ni haidrojeni nayo inalipuka.

Baada ya siku hiyo ya kwanza, asidi haiongezwi tena. Kinachopungua kwa joto ni maji, hivyo kinachorudishwa ni maji ya betri peke yake. Maji ya kisima yana chumvi na madini yanayoharibu sahani. Ukimwona fundi anaongeza asidi kwenye betri iliyochoka ili "aiamshe", jua anaifupishia siku.

Tazama ilivyofungwa

Mwambie fundi afungue kifuniko cha pembeni, uangalie mwenyewe. Betri iwe imebanwa na mkanda wake wa mpira, isitikisike ukiisukuma kwa kidole, kwa sababu mtikisiko wa barabara mbovu unapukutisha sahani. Vichwa viwe vikavu na safi, nati zimekazwa kwa spana, na juu yake pawe na grisi kidogo au mafuta ya mgando. Unga mweupe au wa kijani ukionekana, unaoshwa kwa maji yenye magadi kidogo huku vizibo vimefungwa barabara, kwani magadi yakiingia ndani yanaua asidi inayohitajika. Mpira wa kupumulia ushuke chini bila kupindika, na usimwage mvuke wa asidi juu ya cheni.

Mwangalie na mikono. Wakati wa kufungua, waya wa hasi unatoka kwanza. Wakati wa kufunga, chanya kinatangulia na hasi kinamalizia. Anayefanya kinyume siku moja spana yake itagusa fremu na kupiga shoti.

Mwisho, chomoa fyuzi. Ukikuta imezungushiwa karatasi ya sigara au uzi wa waya, umepata habari zote unazohitaji kuhusu fundi aliyepita.

Namba tatu

Mita ndogo ya kupimia volti inatosha kuamua kesi nyingi, mradi upime mara tatu.

Ya kwanza ni asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini, chaji ya juujuu itakudanganya. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa. Kwenye 12.4 inataka kuchajiwa, na kwenye 12.0 imekwisha. Ikiachwa chini hivyo kwa wiki kadhaa, sahani zinashika ukoko mgumu wa salfeti ambao chaji ya kawaida haiuondoi.

Ya pili ni wakati stata inazunguka. Mita ikishuka chini ya 9.6 ilhali asubuhi ilisoma vizuri, betri imechoka kweli. Hapo nunua nyingine bila kinyongo.

Ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi. Washa injini, vuta mafuta kiasi, usome tena. Inapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5. Chukua pikipiki iliyosoma 12.2 asubuhi, na injini ikinguruma inabaki 12.2: betri haina kosa, hailishwi. Mkosaji ni koili ya chaji, rektifaya, au waya uliolegea katikati. Ikipanda zaidi ya 15, rektifaya imeacha kudhibiti na betri inapikwa. Dalili yake ni maji kukauka kila mara na balbu kuungua hovyo. Ukiweka betri mpya kwenye pikipiki ya namna hiyo, unamwaga maji kwenye gunia.

Matunzo ya msimu

Kwa betri ya maji, kagua kiwango kila wiki mbili wakati wa joto, vyumba vyote sita. Chumba kimoja kikikauka haraka kuliko wenzake, kinakaribia kufa. Asubuhi tumia kiki, stata ibaki kwa dharura za mchana, kwa kuwa safari za dakika chache ndani ya mji hazirudishi umeme uliotumika kuwasha. Redio, taa za mapambo na chaja ya simu ya abiria vinakula kwenye ampea-saa zile zile 5, hivyo vipitie kwenye swichi na fyuzi yao. Pikipiki ikisimama zaidi ya wiki mbili, chomoa waya wa hasi.

Siku hiyo hiyo ya ukaguzi, safisha chujio la hewa, pima oili, rekebisha ulegevu wa cheni na uitazame plagi. Injini inayowaka kwa mzunguko mmoja inaipunguzia betri mzigo mkubwa.

Betri iliyokufa isipasuliwe ili kuyeyusha risasi, wala asidi yake isimwagwe uani. Risasi ni sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Wauzie ikiwa nzima wanunuzi wa betri chakavu.

Basi kabla alizeti hazijaanza kuingia barabarani, mpelekee fundi pikipiki na umuulize swali moja: imesoma ngapi? Akikutajia namba tatu, mwachie kazi. Akikutajia bei ya betri mpya kabla ya kugusa mita, nunua plagi kwake, umshukuru, betri ukapimiwe kwingine.